Ukienda Rhodes, amka kabla meli hazijatia nanga

Siku ya kwanza mimi na mama tulipita ndani ya Rhodes, mji wa kisiwa cha Ugiriki, bila kuuona. Ndege ilitua usiku, tukalala mpaka jua likapanda, tukanywa chai bila haraka, na saa tano asubuhi ndipo tukapita lango la mji wa kale. Bandarini meli tatu kubwa za watalii zilikuwa zimefunga gati, kila moja ndefu kama mtaa, na abiria wake wote walikuwa wamemiminika kwenye njia ileile ya maduka ya mikoba. Tukasukumana kama tuko Marikiti mkesha wa Idi. Mama ana miaka 68 na magoti yanamsumbua. Alijikokota mpaka kwenye ngazi za msikiti wa Suleiman, akaketi, akaniambia, "Mwanangu, nimeshaona. Turudi."

Alikuwa hajaona kitu, na mimi pia. Nilikuwa nimeweka akiba karibu mwaka mzima kwa ajili ya safari ile, na usiku huo nililala nikijilaumu.

Kesho yake mama aliamka kuswali alfajiri kama desturi yake, na baada ya swala akasema tutoke tukanyooshe miguu. Ilikuwa saa moja kasorobo, kweupe kunaanza kuchomoza. Tukaingia kwa lango lilelile. Njia ilikuwa tupu. Paka walijinyosha juu ya kuta, na mzee mmoja alikuwa akimwagilia mrehani uliopandwa kwenye kopo la mafuta mlangoni pake, harufu yake ikatufikia kabla hatujamwona. Tukaacha njia ya maduka, tukakata vichochoro. Huko nyuma, juu ya vichwa, matao ya mawe yanatoka ukuta wa nyumba hii mpaka ukuta wa nyumba ile, yamejengwa ili nyumba zishikane na tetemeko la ardhi lisiziangushe. Mama aliinua macho akauliza, "Hizi si kama wikio za Lamu?" Nikamwambia wikio ni chumba kilichovuka juu ya njia, watu hulala humo, haya ni matao matupu. Lakini nilijua anachosema. Kivuli kile, ubaridi wa mawe yale, sauti ya ndoo ikiwekwa chini nyuma ya mlango uliofungwa, ni vya kwetu kabisa. Tulitembea saa mbili nzima na mama hakutaja magoti hata mara moja.

Kwa hiyo hili ndilo ninalotaka kukuambia kuhusu Rhodes, na mengine yote yanafuata hapo: mji wake wa kale ni mji wa watu kuishi, na unajionyesha asubuhi kabla ya saa tatu na jioni kuanzia saa kumi na moja, meli zikishaita abiria wake. Ratiba ya meli zinazoingia bandarini hupatikana mtandaoni. Iangalie kabla hujapanga siku zako. Siku zenye meli nyingi ndizo za kwenda mbali na mji.

Kabla ya mawe, karatasi

Mimi ni mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa, na mwaka wa saba sasa nauguza wazee Ujerumani. Mwenye kibali cha kuishi katika nchi ya Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia visa moja, kama mimi haombi visa ya Ugiriki. Anaruhusiwa kukaa huko hadi siku 90 katika kila siku 180. Mama alikuja kwa visa ya matembezi iliyotolewa na Ujerumani, kwa kuwa huko ndiko alikokaa siku nyingi zaidi, na visa hiyohiyo ikatosha kwa Ugiriki. Anayetoka nyumbani kwa ajili ya Ugiriki peke yake aombe kwa Wagiriki wenyewe. Bima ya safari inayoambatana na maombi haitakiwi kupungua euro 30,000. Na hata kama ndege inatoka nchi moja ya Schengen kwenda nyingine, beba pasipoti yenyewe na kibali chenyewe. Picha ya kwenye simu haitoshi.

Kuna mtego mmoja nataka uujue. Kutoka Rhodes unaiona milima ya Uturuki ng'ambo ya maji, na mama alipoiona alitamani. Boti za mwendo wa kasi huenda Marmaris kwa muda wa saa moja hivi, na safari hiyo ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo inauzwa kila pembe. Lakini ukivuka umetoka Schengen. Kama visa yako ni ya kuingia mara moja, haikurudishi. Angalia kwenye visa palipoandikwa idadi ya kuingia: ya mama ilikuwa 01. Hatukwenda. Nimesikia habari za mtu aliyekwama upande wa pili, mizigo yake ikiwa hotelini Rhodes, na sikutaka mama yangu awe wa pili.

Msimu nao una maana. Sisi tulikwenda mwanzo wa Oktoba, bahari bado ina joto na jua halichomi. Julai na Agosti sikushauri, hasa ukiwa na mzee. Mwaka 2023, mwezi wa Julai, moto wa msituni uliwaka siku nyingi katika kisiwa hiki na watu wapatao 19,000 wakahamishwa, wengi wao watalii waliotoka hotelini kwa miguu na mabegi mkononi. Simu yako ikilia kwa kishindo ukiwa Ugiriki na kuleta ujumbe wa 112, namba yao ya dharura, usiuzime. Usome, ufuate unavyosema.

Handaki na Fort Jesus

Rhodes ni jina la kisiwa na ni jina la mji wake mkuu pia. Wenyewe husema Rodos. Rafiki zangu Wakristo walinikumbusha kwamba imo ndani ya Biblia kwa jina la Rodo, mahali Paulo alipopitia akielekea Yerusalemu. Mji ulianzishwa mwaka 408 K.K., pale miji mitatu ya zamani kisiwani, Lindos, Ialysos na Kamiros, ilipoungana. Ila kinachokukabili leo ukifika ni ukuta wa Zama za Kati, mzingo wake kiasi cha kilomita 4, na chini yake handaki kubwa kavu.

Handaki hilo ndilo zawadi ya bure ya Rhodes na watu wengi hulipita juu, kwenye daraja, bila kuteremka. Teremka. Huhitaji tiketi. Unatembea kwenye nyasi, ukuta huku na ukuta huku, na kando ya njia yamelala matufe ya mawe yaliyorushwa na mizinga, mengine makubwa kiasi kwamba huwezi kuyazungusha mikono. Mama aliliwekea kiganja moja, akanyamaza.

Mimi nimekulia chini ya Fort Jesus, kwa hiyo nililisoma handaki lile kwa macho ya nyumbani. Mashujaa wa Mtakatifu Yohana, watu wa dini waliokuwa pia wapiganaji, waliuteka mji mwaka 1309. Wakati huo ukuta mzuri ulikuwa mrefu na mwembamba, wa kumzuia mtu mwenye ngazi na mshale. Mwaka 1480 jeshi la Waosmani, dola ya Waturuki, likaja na mizinga, likauponda ukuta na bado mji haukuanguka. Mwaka uliofuata likaja tetemeko. Mkuu wao, Pierre d'Aubusson, akajenga upya, na waliomfuata wakaendelea: kuta zikanenepeshwa, minara ikafupishwa, pembe zikachomozwa nje ili askari waweze kuwapiga walio chini kutoka ubavuni. Ukizunguka lile handaki unaona mawazo mapya yanavyopandishwa juu ya ya zamani, hatua kwa hatua. Na wazo hilo likiisha kukomaa ndilo linalosimama pale Mombasa. Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga Fort Jesus kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati: mfupi, mnene, wenye pembe zilizochomoza. Nilimweleza mama hayo yote tukiwa tumeketi kwenye nyasi. Akasema kumbe siku zote alikuwa anapita kando ya ukuta ule akienda sokoni na hakujua kwa nini umeinama vile.

Mwaka 1522 Sultani Suleiman wa Waosmani alikuja mwenyewe. Mji ukashikilia miezi sita. Mwishowe walipatana, na tarehe 1 Januari 1523 Mashujaa waliobaki wakaondoka kwa meli na silaha zao, Sultani akiwa amewapa ruhusa. Mwaka 1530 wakapewa Malta. Waosmani wakakaa Rhodes mpaka 1912, Waitaliano wakaja, na ni mkataba wa 1947 ulioipa Ugiriki kisiwa hiki. Yaani Rhodes imekuwa ya Ugiriki miaka 16 tu kabla Kenya haijapata uhuru. Liweke hilo akilini unapotembea, kwa sababu ndiyo siri ya mji wote: mnara wa msikiti, nembo ya shujaa Mfaransa juu ya mlango na jengo la Mwitaliano vinaweza kuwa katika upana wa jicho moja.

Hospitali, na mama na bintiye

Kila mtu atakuambia uende kwenye Kasri la Mkuu wa Mashujaa, lililo juu ya Mtaa wa Mashujaa. Nenda, lakini ujue unachokitazama. Jengo la asili liliharibiwa vibaya mwaka 1856, baruti iliyokuwa imehifadhiwa karibu yake ilipolipuka. Unaloliona walilijenga Waitaliano kati ya 1937 na 1940, likiwa la kupumzikia mfalme wao na mtawala wao Mussolini, na zile sakafu nzuri za vijiwe vya rangi walizileta kutoka kisiwa cha Kos. Ni kubwa, linavutia, na mimi halikunigusa. Mtaa wenyewe wa Mashujaa ni bora zaidi, mawe matupu, hakuna duka. Walijigawa kwa lugha, wakayaita makundi yao "ndimi", na kila ulimi ulikuwa na nyumba yake mtaani: Ufaransa, Italia, Provence na wengine. Upite asubuhi ile ya mapema na utasikia viatu vyako mwenyewe.

Kama una nguvu za jumba moja tu, lisiwe kasri. Liwe hospitali.

Hawa Mashujaa kabla ya kushika upanga walikuwa wauguzi, kazi yao ya kwanza ilikuwa kuwatunza mahujaji wagonjwa Yerusalemu. Rhodes walijenga hospitali kati ya 1440 na 1489, na leo ndiyo jumba la makumbusho ya mambo ya kale. Unaingia kwenye ua wenye matao pande zote, unapanda ngazi, unaingia wodini. Wodi! Ukumbi mmoja mrefu, dari la mbao, safu ya nguzo katikati. Kwenye ukuta mmoja kuna kijichumba cha ibada kilichochomoza juu ya lango la kuingilia, ili mgonjwa aweze kufuata misa akiwa kitandani pake. Nilisimama pale nikafanya hesabu zangu za kazini bila kukusudia: vitanda ningevipanga vipi, usiku ningekaa wapi ili nione wote, mwanga unaingilia wapi. Aliyelijenga alikuwa amewauliza wauguzi. Sijawahi kusimama kwenye jengo la kale nikajihisi karibu hivyo na watu waliolitumia.

Vyumba vya ndani ndimo kilipo kitu ambacho nakuomba usikipite. Watu hukimbilia sanamu ndogo ya Aphrodite akijipangua nywele, ya marumaru, haifiki nusu mita, na kweli ni nzuri. Lakini tafuta jiwe la kaburi la Krito na Timarista, lililochongwa mwishoni mwa karne ya 5 K.K. na kupatikana kwenye makaburi ya Kamiros. Wanawake wawili wamesimama. Mmoja, Timarista, ndiye mama, ndiye aliyekufa. Mwingine ni bintiye Krito, nywele zake zimekatwa fupi kwa sababu ya msiba. Binti ameinamia, na mama amemzungushia mkono. Aliyekufa ndiye anayemfariji aliye hai.

Mama yangu hasomi Kiingereza, kwa hiyo nilimtafsiria kibao. Hakusema neno. Alinishika kiwiko tukasimama pale mpaka kundi la watu likaja na mwongozaji wao likapita. Mimi huonana na mama mara moja kwa miaka miwili, nikijaliwa. Wewe unayesoma hapa ukiwa ughaibuni, ukipata nafasi ya kumpeleka mzee wako mahali, mpeleke. Usingoje pesa ziwe nyingi.

Ile sanamu kubwa ya Rhodes

Utaulizwa kama umeiona. Haipo. Ilikuwa sanamu ya shaba ya mungu wao wa jua, Helios, kimo chake kama mita 33, kazi ya Chares wa Lindos, ikamalizika karibu na mwaka 280 K.K. baada ya watu wa Rhodes kumshinda Demetrius aliyewazingira mwaka mzima. Tetemeko la mwaka 226 K.K. likaivunja magotini. Ilikuwa imesimama miaka isiyozidi 60. Kwenye mlango wa bandari ya Mandraki leo kuna nguzo mbili zenye sanamu za paa dume na jike, na picha za madukani zinakuonyesha jitu limetanua miguu juu ya maji hapo. Wataalamu hawalikubali hilo tena, na mahali lilipokuwa hapajulikani. Kaa Mandraki jioni upunge upepo, inatosha.

Lindos na Kamiros

Siku meli zilipojaa tulipanda basi la umma kwenda Lindos, kama kilomita 50 kusini kwa pwani ya mashariki. Ondoka na basi la kwanza kabisa. Lindos ni kijiji cheupe chini ya jabali lenye kimo cha mita 116, na juu ya jabali kuna ngome ya Mashujaa, na ndani ya ngome kuna hekalu la Athena la karne ya 4 K.K. na nguzo za ukumbi wake mkubwa. Kivuli hakuna. Ikifika saa nne mawe yanarudisha joto usoni.

Kuna punda wa kukupandisha. Kwa sisi watu wa pwani punda ni mnyama tunayemjua, na ukimjua huwezi kumtazama akipandishwa na mtu mzito kwenye ngazi za mawe yaliyong'aa kwa kukanyagwa bila moyo kukuuma. Mwaka 2018 serikali ya Ugiriki ilitoa maelekezo kuwa asibebeshwe zaidi ya kilo 100 au sehemu ya tano ya uzito wake. Mama alimtazama mmoja machoni, akasema, "Huyu naye ana magoti." Tukapanda kwa miguu, polepole, tukipumzika kila tulipopata ukingo. Hakufika kileleni. Alifika mahali pazuri kuliko kilele, mwanzo wa zile ngazi kubwa, ambapo meli ya vita imechongwa kwenye jabali lenyewe karibu mwaka 180 K.K. Mama ni binti wa nahodha wa jahazi. Akaketi mbele ya ile meli, akanituma niende juu peke yangu, na niliporudi baada ya nusu saa nilimkuta hajahama. Alikuwa ameanza kunieleza kasoro na uzuri wake hata kabla sijaketi.

Kwa hiyo ukiwa na mzee, usiipige Lindos msalaba kwa kuogopa kilele. Huko chini kijijini ziko nyumba za manahodha wa karne ya 17, zina milango iliyonakshiwa na nyua zilizotandazwa vijiwe vyeusi na vyeupe kwa michoro. Unaweza kuutumia muda mwingi kwa hizo tu. Vaa viatu vya soli ya mpira, maana vijiwe hivyo vinateleza hata vikiwa vikavu.

Kamiros iko upande wa pili, pwani ya magharibi, na watu huko ni wachache. Ukishafika magofu ya Gede karibu na Malindi, hapa huhitaji mwongozaji. Ni mji uliobaki mitaa, misingi ya nyumba, hekalu na birika. Birika lile la karne ya 6 K.K. liliingia mita za ujazo 600, maji ya familia mia kadhaa, likiwa juu mlimani ili maji yateremke yenyewe. Baadaye walichimba visima na kujenga ukumbi mrefu wa nguzo juu yake. Sisi tulikuwa na mji mzima peke yetu, bahari mbele, misonobari nyuma. Kwenye makaburi ya huku ndiko lilikopatikana lile jiwe la Krito na mamaye, na tulifurahi kuwa tulianza na makumbusho.

Bonde la Petaloudes, lenye nondo wale wanaoitwa vipepeo, ni la Juni hadi Septemba, tukalikosa. Ukienda, usipige makofi wala mluzi ili waruke. Nondo hao hawali wakati huo, wanaishi kwa akiba ya mwili, na kila wakirushwa inapungua.

Kula, kuswali na kusema ndiyo

Nyama tuliiacha. Tulikula samaki, maharage makubwa ya tanuri, majani ya mzabibu yaliyojazwa wali, na pitaroudia, ambazo ni bajia za dengu za Rhodes, zina nyanya na nanaa. Mama aliuliza zinavyopikwa na akaambiwa, kwa ishara. Kahawa yao huja kwenye kikombe kidogo na machicha chini. Mnywaji wa kahawa chungu hatapata tabu. Zawadi ya kupeleka nyumbani ni melekouni, kashata ya ufuta na asali ambayo hutolewa harusini. Inasafiri vizuri.

Samaki mikahawani huuzwa kwa kilo. Muombe apimwe mbele yako na utajiwe bei kabla hajaingia jikoni. Mkahawa mmoja kwenye njia ya maduka ulituletea hesabu ambayo ingetulisha siku tatu, na kosa la kutouliza lilikuwa langu pia.

Msikiti wa Suleiman wenye rangi ya waridi, uliojengwa upya mwaka 1808, tuliukuta umefungwa. Lakini Waislamu wapo Rhodes mpaka leo, kwa sababu mwaka 1923, Ugiriki na Uturuki zilipobadilishana watu kwa maelfu, kisiwa kilikuwa cha Italia na hawakuhamishwa. Swala huswaliwa msikiti wa Ibrahim Pasha, mulemule ndani ya mji wa kale. Mkabala na msikiti wa Suleiman ipo maktaba ya Hafiz Ahmed Agha ya mwaka 1793, yenye misahafu ya mkono na bustani tulivu. Ukikuta mlango uko wazi, ingia.

Na neno moja la lugha, maana lilitupotosha siku mbili: "ne" kwa Kigiriki ni ndiyo. "Ohi" ni hapana. Anayeinua kidevu juu na kupandisha nyusi amekataa.

Uwanja wa Mashahidi Wayahudi

Kazini kwangu kuna mwenzangu mzaliwa wa Lubumbashi, Kongo. Tunasemezana Kiswahili, chake cha Katanga na changu cha Mvita, na tunaelewana. Niliposema naenda Rhodes aliweka kikombe chini. "Huko ndiko walikotoka wenye maduka wa kwetu," akaniambia. Nilidhani amekosea jina.

Hakukosea. Wayahudi waliofukuzwa Uhispania mwaka 1492 walisambaa katika dola ya Osmani, na kwa karne nyingi wengi waliishi pembe ya mashariki ya mji huu wa kale, wakisema Kihispania chao. Mwanzoni mwa karne ya 20 vijana wao walianza kutoka kwenda kutafuta maisha, na wengi walielekea Kongo, hasa Katanga, wakafungua biashara. Baba yake Moïse Katumbi, aliyekuwa gavana wa Katanga, alitokea kisiwa hiki. Waliobaki nyumbani, Wajerumani waliokuwa wamekishika kisiwa vitani waliwakusanya Julai 1944, zaidi ya watu 1,600, wakawatia kwenye boti na kisha kwenye treni hadi kambi ya mauaji ya Auschwitz. Waliorudi ni wachache mno. Balozi mdogo wa Uturuki, Selahattin Ülkümen, aliwakabili makamanda akawatoa zaidi ya 40 kwa hoja ya uraia wa Kituruki.

Uwanja wao una mikahawa pande zote, na katikati kuna nguzo fupi nyeusi yenye pande sita, kila upande una maneno kwa lugha tofauti. Watu huketi kando yake wakila aiskrimu bila kujua. Mitaa miwili nyuma yake ndiyo sinagogi la Kahal Shalom, la mwaka 1577, la zamani kuliko yote yanayotumika Ugiriki, na makumbusho madogo ubavuni: picha za harusi, vyungu, nguo, familia zimepanga mstari mbele ya kamera. Nenda mapema, siku isiyo Jumamosi. Mwanamke aliyekuwa mlangoni alimpa mama kiti bila kuombwa.

Ukutani uani umo ubao wenye majina ya koo zilizokwisha. Niliupiga picha nikamtumia mwenzangu. Akanijibu kwa ujumbe wa sauti akinisomea majina mawili matatu, na kwa kila jina akataja barabara ya Lubumbashi lilipokuwa duka na kitu ambacho babake alikinunua hapo: baiskeli, vitambaa, taa. Mama akaomba niurudie. Tukarudi uwanjani tukaketi chini ya mti, tukausikiliza tena mpaka mwisho, kivuli kikatuhama.